Kwa Nini Bibi Rahabu Hakupiga Makofi

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kama ya juzi: nimeketi kwenye meza ya baba pale kwetu Talatala, mpunga umeanikwa uani, nami nimekwisha kuandika kurasa saba za utafiti bila kumuuliza mtu hata mmoja. Nilijiona bingwa. Nilizipanga zile karatasi, nikazigonga mezani zikae sawa, nikamwambia mama kilichobaki ni kwenda tu kuchukua majina ya wazee nikayatie ndani.

Mama yako ameniambia umepewa kazi shuleni, uchague swali la utafiti kuhusu muziki ulivyobadilika. Ameniambia pia kwamba siku ya nne hii unaliandika swali na kulifuta, na sasa unataka bibi yako akuchagulie. Sitakuchagulia. Nitakusimulia langu lilivyonipata, maana kuishi kwingi ni kuona mengi, na mengine niliyoyaona ni aibu yangu mwenyewe.

Zilikuwa zama za Mwingereza bado. Nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu cha wasichana, kule juu milimani kwenye baridi. Kunipeleka huko kulimgombanisha baba na kaka zake, waliosema msichana wa umri ule hapelekwi shule, anapelekwa kwa mumewe. Baba aliwajibu kwa neno moja tu: "Atarudi mwalimu." Kwa hiyo kila mtihani nilioufanya nilijua si mimi peke yangu ninayetahiniwa.

Mwalimu wetu, Mwalimu Gwakisa, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitupa kazi ya likizo. Kila mmoja aende kwao, achague swali moja juu ya muziki wa kwao ulivyobadilika, awaulize watu, aandike. Kazi hiyo ndiyo ingeamua nani aendelee mwaka wa pili. Tulimwomba atupe maswali. Akakataa.

"Nikiwachagulia mimi," alisema, "mtakwenda kutafuta ninachotaka kusikia."

Mimi nikajichagulia swali kubwa, la kutisha: "Kwa nini muziki wa kigeni umeua muziki wa wazee wetu?" Lilinipendeza mno. Wakati ule vijana wetu waliokwenda kufanya kazi migodini kusini walikuwa wakirudi na gramafoni na santuri, na kila penye harusi zilisikika. Kwangu jambo lilikuwa wazi: gramafoni imeua ngoma ya malipenga tuliyoachiwa na mababu. Nikajaza kurasa zangu saba. Maji ya kifuu, mwanangu, bahari ya chungu.

Sasa nilihitaji mzee wa kunithibitishia. Shangazi yangu Atupele alikuwa ameolewa na mvuvi kule Matema, akaniahidi kunipeleka kwa Bibi Rahabu, mfinyanzi. "Huyo mama," alisema shangazi, "nyimbo anazijua kama anavyojua udongo." Nikatembea kutwa nzima hadi Matema, kesho yake tukapanda mtumbwi na kuifuata pwani ya ziwa, milima imesimama wima mkono wa kushoto, hadi kijiji cha wafinyanzi.

Tulimkuta ameketi chini, miguu ameinyoosha, anasugua chungu kibichi kwa jiwe dogo laini. Alikuwa mwembamba, mikono yake imara kuliko ya mwanamume. Tulimsalimu kwa heshima, "Mwagonile," akaitikia bila kuliacha jiwe lake. Tuliongea Kinyakyusa, ingawa lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kikisi, mimi ninakutafsiria.

Nikamuuliza gramafoni ilivyoiua ngoma ya malipenga ya mababu. Bibi Rahabu akacheka mpaka akaweka chungu chini.

"Malipenga ya mababu gani? Ngoma ile mimi nimeiona ikija! Nilikuwa na mtoto mgongoni. Wanaume walirudi kutoka kwenye vita vya Mjerumani na Mwingereza, wamesikia tarumbeta za askari na kuona wanavyopiga gwaride. Tarumbeta hawana, wakatoboa vibuyu wakavipuliza. Wakajipanga mistari, kushoto, kulia. Wazee wetu walikasirika, wakasema huo ni wazimu wa kizungu."

"Na gramafoni, Bibi?" niliuliza upesi, maana jibu hilo halikunifaa.

"Mwanangu wa kiume anayo. Naipenda. Ikilia, nasugua chungu haraka."

Mwanangu, kalamu ilikuwa mkononi. Ningeweza kuyaandika maneno yale kama yalivyotoka. Lakini nilizifikiria kurasa zangu saba, nikamfikiria baba na kaka zake, nikaona ni heri niandike kile kinachoingia mahali pake. Nikaandika, nikafunga daftari, nikamshukuru: "Ndaga fijo."

"Ngoja," alisema Bibi Rahabu. "Mimi sijui kusoma. Nisomee niliyoyasema."

Nikasoma, kwa sauti ya chini: "Bibi Rahabu, mfinyanzi, anasikitika kwamba gramafoni imeiua ngoma ya malipenga, urithi wa mababu zetu tangu kale." Shangazi aliinamisha kichwa akatazama mchanga. Bibi Rahabu aliendelea kusugua mpaka akaizunguka shingo yote ya chungu, ndipo akaniangalia.

"Maneno matamu. Kayasema nani?"

Nikalifunga daftari tena.

"Hukuja kuuliza," alisema, wala hakupaza sauti. "Umekuja na jibu lako kichwani kama mzigo, unatafuta mtu wa kukutua. Mimi sikutui. Rudi nalo kwenu."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata mlangoni. Ndani ya mtumbwi nililia waziwazi, wapiga kasia wakawa wanatazama upande mwingine kwa kunihurumia. Shangazi aliniacha nilie nimalize. Kisha akasema, "Udongo uwahi ungali maji. Likizo haijaisha." Hakuongeza neno, na mpaka leo namshukuru kwa kutoongeza.

Zile kurasa saba niliziwashia jiko la shangazi. Usidhani nilifanya hivyo kwa ushujaa. Niliogopa nikizibakiza nitazirudia.

Kesho yake nikarudi peke yangu, bila daftari. Bibi Rahabu hakunifukuza, wala hakunikaribisha kwa maneno. Alinionyesha kwa kidevu rundo la udongo. Nikapiga magoti nikaanza kuukanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama siku tatu. Niliutoa mawe, niliuchanganya na maji, nilibeba majani makavu ya kuchomea vyungu. Alinisahihisha vidole mara moja moja. Kuhusu muziki hatukusema lolote. Nilianza kumpenda, mwanangu, jinsi alivyokipa kila chungu subira ileile, kikubwa cha pombe na kidogo cha mboga, kana kwamba kila kimoja kilikuwa na mtu wake anayekisubiri.

Siku ya nne ilikuwa ya kupeleka vyungu sokoni Lyulilo. Wanawake walijipanga mstari kutoka nyumbani hadi majini, wakawa wanapokezana vyungu mkono kwa mkono, mpaka kwa aliyesimama ndani ya mtumbwi akivipanga na kuvifungia nyasi visigongane. Wakaimba. Wimbo wenyewe ulikuwa mwepesi. Bibi Rahabu, aliyeongoza, aliuliza: "Mtumbwi umejaa?" Kisha wote wakaitikia: "Leteni, leteni, ziwa limelala." Lakini kati ya swali na kiitikio palikuwa na nafasi, na katika nafasi ile wasichana waliokuwa wamekwisha kupokeza walipiga makofi matatu. Umejaa? Pa, pa, pa. Leteni, leteni.

Nilikuwa nimesimama karibu naye, chungu mikononi. Nikaona kwamba kila ikifika nafasi ile, Bibi Rahabu anafumba macho. Mikono yake ilikuwa mitupu, na hakupiga makofi hata mara moja.

Mtumbwi ulipoondoka, swali likanitoka lenyewe. "Bibi, mbona wewe hupigi makofi pale?"

Akaketi juu ya jiwe, akapangusa udongo kwenye viganja. "Pale pana maneno," alisema. "Palikuwa na rafiki yangu, Tumpe. Tulifundishwa kufinyanga pamoja, tukaolewa mwaka mmoja. Mimi nilikuwa nauliza, 'Mtumbwi umejaa?' Yeye peke yake, kwa sauti yake ile nene, anajibu, 'Bado kimoja.' Ndipo wote wanaitikia. Watu walikuwa wanacheka, maana alisema 'bado kimoja' hata mtumbwi ukiwa umefurika."

Akaokota jiwe dogo, akaliviringisha kiganjani.

"Siku moja tulikuwa tunatoka Lyulilo. Upepo ukashuka ghafla kutoka milimani, mtumbwi ukapinduka. Mimi nilishika ubao. Yeye hakushika kitu. Tulipoimba tena baada ya matanga, nikauliza kama kawaida, na hakuna aliyethubutu kulisema neno lake. Pakabaki kimya, kisha tukaitikia. Hivyo ndivyo tulivyouimba kwa miaka mingi. Hawa watoto wakazaliwa wakaukuta una pengo, wakalijaza makofi."

"Na hawajui?"

"Hawajauliza."

Mwanangu, nilikuwa nimekesha juu ya vitabu kutafuta muziki unapobadilikia, na kumbe ulikuwa umebadilika pale mbele yangu, mahali pafupi kama pumzi. Nikamwomba ruhusa niuandike. Akasema niwaulize kwanza wasichana wenyewe. Nikawauliza kwa nini wanapiga makofi. Mmoja alisema wimbo ukiachwa pale unalegea. Mwingine alisema, "Bibi anapapenda mahali pale, anafumba macho. Tunampambia." Nikaagiza daftari langu kwa shangazi, na kila nilichosikia nikakiandika kama kilivyosemwa, hata kile kisichoniingia akilini.

Kabla sijaondoka nilimsomea yote. Alinisahihisha mahali pawili: sauti ya Tumpe haikuwa nene tu, ilikuwa na mkwaruzo, na ubao ule hakuushika kwa nguvu zake, alisukumiwa na Tumpe. Hilo la pili alilisema akitazama ziwa. Nikaliandika huku machozi yananidondokea karatasini. Wasichana walikuwa wamesogea kusikiliza, na mmoja wao akaanza kulia, akasema, "Bibi, tusamehe, hatutapiga tena."

"Pigeni," Bibi Rahabu akasema. "Tumpe alikuwa mtu wa kelele. Makofi yangempendeza. Ila sasa mpige mkijua mnampigia nani."

Nilirudi chuoni na kurasa nne. Wenzangu walikuja na kumi, na kumi na mbili. Mmoja alikuwa ameandika juu ya muziki wa Tanganyika nzima, na nafasi ya kwanza aliipata yeye. Mimi nilikuwa wa tano. Lakini nilipita. Baba alipopata barua, aliwapelekea kaka zake mkungu wa ndizi, akaketi nao wakala pamoja bila kutaja habari ya shule, nao wakaelewa.

Siku ya kurudishiwa kazi, Mwalimu Gwakisa alinisimamisha mbele ya darasa akaniambia niuimbe. Sauti sina, unajua. Nikauliza, "Mtumbwi umejaa?" nikanyamaza, na darasa zima likanyamaza nami, wasichana arobaini, mpaka nikaitikia mwenyewe. Mwalimu alivua miwani yake. "Huyu," alisema, "ameuliza kitu ambacho hakukijua." Nimefundisha miaka mingi, nimesifiwa na wakaguzi na wazazi, sifa niliyoipenda kuliko zote ni ile.

Usione vyaelea, vimeundwa. Wimbo wowote unaousikia leo, hata huu wa kwenye simu yako, kuna mtu aliyeugeuza mahali fulani, kwa furaha au kwa msiba, na pengine anaishi nyumba ya tatu kutoka kwako. Kwa hiyo usianze na muziki wote. Anza na wimbo mmoja, na ndani yake mahali pamoja panapokushangaza. Swali ambalo jibu lake unalo tayari liache, hata likiwa zuri kiasi gani, kwa sababu litakufanya uyazibie masikio maneno ya watu. Kafanye kazi na unayetaka kumuuliza kabla hujamuuliza. Akisema kisichokufaa, hicho ndicho uandike kwanza. Na ukimaliza, msomee. Ukiona haya kumsomea, jua umekosea, choma urudie. Moto wa karatasi saba haujamuunguza mtu.

Haya, chukua daftari lako uende. Kyala, Mungu wetu, akutangulie njiani. Akupe masikio mapana na ulimi wa pole. Wazee wakufungulie milango na vifua vyao, na wale waliotangulia, ambao sauti zao hatuzisikii tena, wasikuonee uchungu utakapowataja. Uandike, upite, na uwe mtu ambaye watu wanapenda kumwambia kweli.