Rauta ya Mama Mkwe

Mtu wa Masasi ukioa Newala, jiandae kuhamia ukweni. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Nilipanda huku juu na begi la nguo na boksi la mabaki ya biashara yangu iliyokufa: duka la intaneti. Zamani, kampuni za simu zilipoanza kugombania wateja, watu walipanga foleni kwangu kusoma barua pepe. Kisha kila mtu akanunua simu yake ya kupangusa, nami nikabaki na viti, nyaya na rauta moja kuukuu ya kusambazia mtandao, yenye pembe mbili. Viti niliviuza. Rauta hakuna aliyeitaka, hata bure.

Tulipewa nyumba ya mbele. Mama mkwe alikaa nyumba ya uani, na kati yetu ilikuwepo adabu nene kuliko ukuta. Mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe, na mama mkwe hakai sebuleni kwa mkwe. Hata mazungumzo yetu yalipita kwa mke wangu, ingawa wote watatu tulikuwa tunasikiana vizuri tu.

Basi ikaja habari kutoka Mueda, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mdogo wake mama mkwe, ambaye hawajaonana tangu wamzike mama yao, alikuwa amekuja mjini kutibiwa mguu, na mjukuu aliyemleta alikuwa na simu. Wangeweza kuonana kwa video. Lakini Jumapili anarudi kijijini, na huko mtandao wanausikia kwa jina. Mama mkwe akawa hali akashiba.

"Sauti yake ninaijua," alimwambia binti yake. "Ninataka uso."

Shida ni kwamba mtandao ulishika kwenye dirisha moja tu, la sebule yangu, na hapo ndipo nilipoweka kisanduku cha laini ya simu kilichotupa intaneti. Uani, patupu. Nikasema nitatoka, nitakwenda hata sokoni, mama aje akae. Jibu likaja kupitia kwa mke wangu: "Mwambie mwenzio, mlango wa chumba anacholala unatazamana na kochi. Mimi nikae pale macho niyapeleke wapi?" Yakaisha.

Ndipo nikaikumbuka rauta yangu.

Kazi yenyewe si uchawi. Unabonyeza kitundu cha nyuma kwa kijiti mpaka rauta isahau mambo yote ya zamani, unaivutia waya kutoka kwenye kile kisanduku cha sebuleni, nayo itoe mtandao huko uani. Nikafanya, nikajipiga kifua. Lo! Nyumba nzima ikakosa mtandao. Kumbe rauta na kile kisanduku vyote vilikuwa vinagawa anwani, zile namba za kuingilia mtandaoni, kwa simu zetu, kila kimoja kikijiona ndicho mwenye mji. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Nikaichomeka rauta kwenye kompyuta, nikabadilisha namba yake isigongane na ya kisanduku, mkubwa wake, nikaizima ile kazi ya kugawa. Wewe, nikaiambia, umeoa hapa. Pitisha unachopewa, usigawe vya mwenye nyumba.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Afadhali yeye anafundishika," akasema.

Nikaitundika kwenye kibaraza cha jiko, nyuma ya tangi la maji. Huo ndio uliokuwa mpaka wangu. Hatua moja zaidi ningekuwa dirishani kwa mama. Hola! Simu chumbani kwa mama ikaonyesha kijistari kimoja cha mtandao, nacho kikazimika. Nikaigeuza, nikaipandisha, nikaitukana. Mwishowe nikang'amua: maji! Mawimbi haya yakikutana na maji hayatoki, na tangi letu lilikuwa limejaa pomoni. Kwingine wangesema mwaga, sogeza. Newala? Maji ya mvua, tuliyoyakinga msimu mzima, niyamwage kwa ajili ya simu? Wangenirudisha Masasi siku hiyo hiyo, na rauta yangu kichwani.

Ikabidi mke wangu aiingize rauta chumbani kwa mama, mimi nibaki nje nikielekeza kwa kupiga kelele ukutani.

"Iweke juu ya kabati!"

"Mwambie mwenzio kabatini kuna kapu la mbegu."

"Basi hamisheni kapu!"

"Mwambie hizo mbegu zilikuwepo kabla yake."

"Pembe zisimame wima!"

"Mwambie zimesimama kuliko yeye."

Mama mkwe alikuwa anatania kwa sababu ya hofu, sauti ilimsaliti. Nami niliogopa vilevile. Jumamosi ilikuwa inakwisha, kesho mdogo wake anapanda gari, na mimi ndiye niliyeahidi.

Taa ikawaka kijani. Simu ikaita. Nikasikia haloo, haloo, salamu za Kimakonde zikigongana, kisha kimya.

"Imekata?" niliuliza.

Halafu mama mkwe akasema polepole, "Kumbe umekuwa mama. Umekuwa mama mtupu. Macho yake hayo. Na hilo pengo la mbele."

Mama yao hakuwahi kupigwa picha. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba walikuwa wamekwisha kuisahau sura yake.

Kutoka Mueda sauti ikajibu, imejaa machozi, "Hata wewe, dada. Ninamwona hapo ulipo."

Nililia pale nje, mwanaume mzima, nimeegemea ukuta. Walikaa tu, kila mmoja akimtazama mama yao katika uso wa mwenzake, mpaka chaji ikaisha.