Rada wa Mavivi

Juzi nilikuwa dukani hapa Butembo, muuzaji akamwaga mafuta ya taa sakafuni kwa bahati mbaya, nami nikatoka mbio bila sabuni niliyoifuata. Nadhani walisema nina mimba. Wanisamehe, kazi hiyo nilishaimaliza zamani. Ni ile harufu tu, ndugu zangu. Inanirudisha Mavivi, kando ya uwanja wa ndege wa Beni, nilikokulia, ambako mafuta ya ndege yalinuka hivyohivyo, ila makali zaidi.

Watoto wa Mavivi hatukujifunza vita darasani, tulivijua kwa masikio. Kila jeshi lililofika lilikuja na ndege zake, na lilipofukuzwa zikaja za wengine. Antonovu, ndege kubwa ya mizigo, ilikohoa kabla ya kutua. Helikopta ilitikisa vifuniko vya sufuria jikoni. Ndege ndogo za wafanyabiashara zililia kama nyuki ndani ya chupa. Mchezo wetu ulikuwa kufumba macho na kuitaja ndege kabla haijatokeza juu ya michikichi. Wenzangu walikisia, mimi sikukosea hata mara moja. Wanajeshi waliolinda uwanja wakaniita Rada, na komanda wao, mtu wa mbali aliyechanganya Kilingala na Kiswahili chetu, alinipa biskuti kila nilipopatia. Zilikuwa ngumu kama kigae, lakini nilizila mbele ya wenzangu polepole ili zisiishe. Msichana wa miaka tisa, magoti yamejaa vumbi, nikajiona ofisa.

Asubuhi moja pipa la mafuta ya ndege halikuonekana. Komanda alikuja hadi tulipokuwa tunacheza, mikono mitupu.

"Rada, bananiambia mwizi ni Kambale. Kambale ni nani hapa?"

Kwetu Wanande, mtoto wa kiume wa pili huitwa Kambale. Ungerusha jiwe Mavivi lingempata Kambale, na likidunda lingempata Kambale mwingine. Mtu wa kwetu angeuliza kwanza: Kambale wa nani? Komanda hakulijua hilo. Mimi nililijua, na bado sikuuliza, kwa sababu Rada haulizi. Rada hujibu.

Nikamkumbuka jirani yetu Kambale, fundi wa taa na majiko ya mafuta, aliyeongoza kwaya katika kanisa lao la Kiprotestanti. Hata siku ya Jumapili, ndani ya koti lake jeusi, alinuka mafuta. Nikanyoosha kidole.

"Njo ule, komanda. Ule anatengenezaka mataa. Ananuka mafuta siku yote!"

Walimtoa kibarazani kwake na kumburuta hadi ukingoni mwa uwanja. Walimpiga kwa vitako vya bunduki mpaka taya likaenda upande. "Mungu anajua, mie hapana mwizi," alisema, kisha maneno yake hayakueleweka tena. Suruali ilipomshuka, watu kadhaa walicheka. Na mimi nilicheka. Ningeweza kuwaficha hilo, lakini nilicheka. Baadaye wakamfunga mikono nyuma wakamsukumia ndani ya Antonovu. Ilipopaa nilifumba macho, nikawatajia wenzangu aina yake, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Mama yangu alikuwa pale, kikapu cha mihogo mgongoni, na hakufungua kinywa. Mchana huohuo alichinja kuku, na haikuwa sikukuu. Firigisi, ambayo kwetu ni ya baba peke yake, akaiweka kwenye sahani yangu. Baba alipotaka kuuliza, mama alimtazama, baba akajimegea ugali. Yaya Déo, kaka yangu aliyepakua mizigo pale uwanjani, alinawa mikono lakini hakugusa chakula. Nikadhani ana malaria. Nikala na sehemu yake.

Mke wa fundi tulimwita Mama Neema. Hakujua ni nani aliyenyoosha kidole, alijua tu kwamba mtoto wa jirani ana masikio mazuri. Kila ndege ilipokaribia alikuja mbio, mikono ingali na unga.

"Masika, mama, sikia muzuri. Njo ile ilimubeba?"

"Hapana, mama. Hii ni ya bacommerçants, ya watu ba biashara."

Alinishukuru, akarudi kwake. Kwa miaka miwili nilimjibu hivyo, na iliyomchukua mume wake ilipotua nilimwambia kweli, naye alisimama kwenye uzio mpaka mtu wa mwisho aliposhuka. Nilikuwa na uhakika kwamba namsaidia. Kisha tukahamia Kipese kulima viazi, na sijui ni nani aliyemsikilizia ndege baada yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba padri aliposoma matangazo ya ndoa ya kaka yangu. Nyumbani hakuna aliyewahi kumwita jina jingine, ni Déo au yaya, na kwa kuwa mvulana aliyemtangulia alikufa kabla sijazaliwa, nilimhesabu kuwa wa kwanza. Padri alisoma kama ilivyo kwenye karatasi: Kambale Déogratias. Nilitabasamu kwanza. Halafu nikakaa chini kabla ya wengine kukaa, maana nilikumbuka kwamba mwaka ule wa pipa taa yetu iliwaka miezi mingi bila moshi, na mama hakununua mafuta hata mara moja.

Nilimkuta mama akimenya viazi. Nikamwuliza kama siku ile alijua komanda alikuwa akimtafuta Kambale gani. Hakujifanya hajui ni siku gani. Alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akachukua kingine.

"Mie nilikuwaka na Kambale moya tu," akasema.

Nilimchukia mama miaka mingi, na nilimchukia kwa haki. Nilijiambia kwamba mimi nilikosea kitoto, yeye alinyamaza kwa akili timamu, na chuki hiyo ilinisaidia kulala. Kisha nikaolewa, nikazaa mvulana, nikazaa mvulana mwingine. Huyo wa pili ana miaka kumi na sita sasa. Akichelewa kurudi nasimama mlangoni nikiita Kambale, na mara nyingine mtoto wa jirani ndiye anayeitika kwanza. Namtazama mtoto yule wa watu, na kama komanda angekuja kuuliza, najua kabisa ningefanya nini.