Fundi Taratibu na skrubu aliyoiharakisha

Saa tatu asubuhi, Fundi Taratibu amepiga magoti mbele ya kabati la mama mkwe wake, anajaribu kurudisha mahali pake kipande cha mbao chenye ukubwa wa kidole. Hakikai.

Mtaa mzima unamwita hivyo kwa sababu hana papara na skrubu iliyoshikwa na kutu. Huisafisha kichwani, huigonga kidogo kwa nyundo, huitia mafuta na kuiacha ilale. Kesho yake huikaza kidogo kwanza, ndipo huilegeza. Kwa mwendo huo, mwezi ukiwa mzuri humaliza samani tatu, na mkewe huongezea kipato kwa cherehani.

Leo amelikoroga. Alipomwona mwandishi wa habari mlangoni na kamera yake, kichwa kikamvimba. Mafuta yalikuwa hayajakolea. Akakandamiza bisibisi, akazungusha kwa nguvu huku akitabasamu. Kichwa cha skrubu kikakatika, bisibisi ikateleza na kung'oa ukingo wa mlango wa kabati.

"Nilitaka nionekane," anasema, macho chini. "Mtu mzima na ndevu zangu! Naona aibu mpaka masikio yanawaka."

Kabati hilo alilitengeneza marehemu baba mkwe kwa mikono yake. Mama aliahidi kwamba likitoka salama, ataleta na kitanda walichoanzia maisha yeye na marehemu, ambacho hajawahi kumwachia fundi yeyote.

Fundi anasikia viatu nje. Haraka haraka anafunika uharibifu kwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenywea hivyo? Unaumwa?"

Angeweza kusema mbao ilikuwa imeoza, na mama angeamini. Anakifunua kitambaa.

"Nimelivunja, mama. Mbao ilikuwa nzima. Nilikuwa najionyesha kwa huyu mgeni."

Mama anapitisha kidole penye jeraha la mlango, anakirudisha tena pale pale.

"Sifa ulikuwa unazitafuta kwa nani?" anauliza taratibu. "Mimi si nimekusifu kila nyumba ninayoingia?"

Anatoka bila kuaga.

Fundi anabaki ameshika kitambaa. Baadaye anatia mafuta skrubu zilizobaki, moja moja, na leo hatazigusa tena. Kipande kitashikana kwa gundi, anasema, ila alama itaonekana. Kabati likikamilika atalipeleka mwenyewe.

"Kitanda sikiombi tena," anasema. "Natamani tu nikipiga hodi aniambie karibu."