Namba Moja ya Mudir

Kwanza ilikuja sauti. Nyuma ya ukuta wa mbao, katika chumba ambacho hakuna aliyemwona mtu akiingia, kompyuta iliamka na kulia kidogo, tin-tin, kama kijiko kilichogusa glasi. Kisha watu wazima wakaguna kwa pamoja kutoka vyumba vitatu. Baada ya mguno huo ikasikika sauti ya mwanamke kutoka mapokezi: "Haloo? Haloo, mnanisikia? Haloo, walimu?"

Hawakumsikia. Asubuhi ile mtandao haukurudi tena. Mudir alikuwa amefika kazini.

Mudir ndivyo tulivyomwita mkurugenzi wetu, kama Kiarabu cha Juba kinavyowaita wakubwa wote wa ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga huko Gurei, pembezoni mwa Juba, Sudan Kusini, yenye sahani ya setilaiti juu ya bati, na kazi yetu ilikuwa kutengeneza vitabu vya kusomea vya shule za msingi. Mimi niliajiriwa kuandika hadithi za mbuzi na kuku zenye mafunzo, huku riwaya yangu, isiyokuwa na mbuzi wala funzo, ikinisubiri nyumbani kama mke wa mwanajeshi. Mudir alikuwa na mlango wake wa nyuma, kwa sababu mkubwa hapiti katikati ya meza za watu. Kwa hiyo tulimjua kwa masikio. Akifika, mtandao unakufa. Akiondoka kwenda mkutanoni, unafufuka. Na wa kwanza kupiga kelele ya "Shabaka mafi!", yaani hakuna mtandao, alikuwa yeye mwenyewe, kwa hasira ya mtu anayehujumiwa.

Kwa kawaida haikutuuma sana. Mudir alikuwa na desturi ya kufika mchana, na sisi tulikuwa na desturi ya kumaliza kazi kabla hajafika. Lakini Alhamisi ile aliwahi, na aliyekuwa akizungumza na skrini mapokezi alikuwa akiomba maisha mapya.

Dada wa mapokezi alikulia ukimbizini kaskazini mwa Uganda, akarudi na wazazi wake baada ya amani, akaondoka, akarudi tena. Alitaka kuwa mkunga. Si kwa namna ya wasichana wa hadithi zangu, wanaotaka kuwa wakunga kwa sababu ukurasa wa kumi na mbili unawataka. Alitaka hivyo kwa sababu aliwahi kumshikia tochi mwanamke aliyezaa njiani, na tangu siku hiyo kupokea wageni wenye bahasha kulimtia haya. Chuo kimoja cha ukunga huko Uganda kilikubali kumsaili kwa video. Alikuwa ndiyo kwanza amejibu swali la pili pale kompyuta ya Mudir ilipolia.

Chuo kilimhurumia. Walimpa Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, na wakamwambia waziwazi: akipotea tena, nafasi itakwenda kwa mwingine.

"Si utumie simu yako?" nilimuuliza.

"Mwandishi, ulishawahi kuona sura yako kwenye simu hapa Gurei?" alinijibu. "Inaganda mdomo wazi kama kambare sokoni. Nani atampa kambare kazi ya kuzalisha?"

Nilimtajia hoteli za kando ya mto. Alicheka. Hoteli zile zina mtandao mzuri na muziki unaoushinda mtandao huo nguvu. Palibaki ofisini tu.

Nikaichomoa ruta, kile kisanduku chenye taa kinachogawa mtandao, nikaipeleka sokoni kwa Msomali aliyetuuzia. Alikuwa mtu wa miraba minne, mzaliwa wa Kenya, mwenye mzaha uliokauka kama ndevu zake. Aliiunganisha na mtandao wake pale kaunta, akainua simu yake, na kabla sijamaliza kulalamika alikuwa akitazama mpira.

"Cheki, ndugu yangu. Nimeingia. Imenipa namba, na haijaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Hii mashine iko sawa kabisa."

"Mbona kwetu inakufa?"

"Sasa jiulize. Kwenu kuna nini ambacho kwangu hakuna?"

Nilirudi na ruta kwapani nikilitafuna swali lile, na kabla sijafika getini nilikuwa na jibu. Kwetu kulikuwa na Mudir.

Hapa ni lazima nieleze jambo lililotokea kabla sijaajiriwa, ambalo ofisi ililisimulia kwa fahari. Kila kompyuta iliyo kwenye mtandao huwa na anwani yake, na anwani hiyo huishia na namba. Fundi aliyekuja kutufungia mtandao alitaka kuziacha kompyuta zijiombee anwani zenyewe kwa ruta. Mudir alikataa. Ofisi ina utaratibu, alisema, haiwezi kuwa kila mtu anapewa namba kama anapanga foleni ya maji. Akaamuru zigawanywe kwa vyeo: mkurugenzi namba moja, mhasibu namba mbili, na kushuka hivyo hadi mapokezi. Fundi akajaribu kumwambia kwamba namba moja ni ya ruta yenyewe.

"Ruta amekuja lini hapa?" Mudir alimuuliza. "Mimi nimeanzisha hii ofisi wakati hata umeme haiko. Leo iko kuja sanduku ya plastiki, inakuwa namba moja?"

Fundi alifanya alivyoambiwa, akaondoka kwa haraka ya mtu aliyewasha jiko karibu na petroli. Hakupokea tena simu zetu.

Kwa hiyo kila asubuhi tuliishi vizuri na ruta. Chochote tulichotaka kutuma duniani kilipita kwa namba moja, kikatoka. Kisha kompyuta ya Mudir iliamka na kutangaza kwamba namba moja ni yeye. Kompyuta zetu, zilizofundishwa utii, zikaanza kupeleka kila kitu mezani kwake. Na kama kila kitu kilichowahi kupelekwa mezani kwa Mudir, hakikutoka tena.

Dawa ilikuwa rahisi kuliko ugonjwa. Jumatatu nilipita chumba kwa chumba. Kwenye kila kompyuta nilifungua mipangilio ya mtandao, nikafuta ile anwani ya kuandikwa kwa mkono, nikachagua kwamba mashine ipate anwani yenyewe. Basi. Kiduara kilizunguka kidogo, ruta ikatoa namba kwa mpangilio wa waliofika, na kazi ikaendelea. Nilipokuwa nikifuta namba mbili ya mhasibu alinishika mkono kama ninayemvua suruali. Nikamwambia ni kwa ajili ya dada wa mapokezi. Akauachia, lakini alitazama pembeni hadi nilipomaliza.

Ilibaki mashine moja tu, na chumba chake kilikuwa kimefungwa.

Jumanne dada wa mapokezi alifika na kitenge kilichopigwa pasi na nywele zilizosukwa jana yake. Alipanga meza, akaondoa bendera ndogo na maua ya plastiki, akairudisha bendera. Mimi nilikaa nje ya mlango wa nyuma kama mdai. Niliomba Mudir achelewe kama kawaida yake. Saa nne kasoro kidogo gari lake likaingia.

"Mudir, shikamoo. Naomba dakika moja kwenye kompyuta yako kabla hujaiwasha."

"Iko nini?"

Nilijaribu kumweleza kwa kweli: anwani mbili, mlango mmoja. Alinisikiliza kwa subira ambayo watu wakubwa huwapa watoto wanaoeleza ndoto.

"Kwa hiyo unataka mimi niombe namba," alisema hatimaye. "Niombe. Kwa sanduku."

Kwa mbali, kutoka mapokezi, nilisikia: "Ndiyo, walimu, nawaona vizuri." Walikuwa wameanza. Na Mudir alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe.

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Huenda mwaka mzima wa kuandika kuku wanaozungumza haukupotea bure.

"Mudir, kwenye harusi ya Jumamosi, ulijichagulia kiti mwenyewe?"

Alinitazama kama nimemtukana mama yake. "Mimi? Nichague kiti?"

"Ilikuwaje?"

"Si watu wa protokali wananipokea getini. Wananipeleka mbele, kwa sofa, kuna maji, kuna kitambaa. Wanaochagua kiti ni watu wa plastiki huko nyuma."

"Basi, Mudir. Namba ya kuandika mwenyewe ni kiti cha plastiki. Ruta ni mtu wa protokali. Kazi yake ni kukupokea getini na kukupeleka mahali pako."

Nje jenereta ilikohoa, ikajirekebisha. Kisha akaketi, akaikunja mikono, na kunisogezea kompyuta kwa kidole kimoja, kwa namna ya mtu anayemruhusu mhudumu amfungulie soda.

Iliamka, tin-tin. Nilisikiliza mguno. Haukuja, kwa kuwa huwa unachelewa kidogo. Nilifungua mipangilio haraka, nikafuta moja yake, nikachagua kama nilivyochagua kwa wengine. Kiduara kikazunguka. Mapokezi palikuwa kimya, hadi niliposikia sauti ya dada ikiendelea: "Samahani, mliganda kidogo. Mnaweza kurudia swali?"

Walirudia. Nilishusha pumzi.

"Imenipeleka ngapi?" Mudir aliuliza.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilisoma. "Kumi na nne, Mudir."

"Kumi na nini?" Sofa la harusi likatoweka usoni mwake. "Na mbili iko nani?"

"Ni simu ya mlinzi. Ndiye aliyefika wa kwanza."

"Mlinzi!" Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kompyuta. "Rudisha moja yangu. Sasa hivi, mwandishi, kabla sijarudisha mwenyewe."

Mapokezi dada alikuwa akisema jambo kuhusu damu na maji ya moto. Niliweka kiganja changu juu ya kibodi. Sijawahi kumzuia mkubwa kwa mkono, kabla ya hapo wala baadaye.

"Mudir, kwenye harusi, nani hufika kwanza?"

"Wapishi."

"Halafu?"

"Watoto. Watu wa viti."

"Na mgeni rasmi?"

Niliona wazo likipanda usoni mwake polepole, kama mzee anayepanda ngazi. "Mgeni rasmi," alisema, "iko kufika mwisho."

"Mwisho kabisa. Kuna mtu ana kumi na tano humu ndani?"

"Iko?"

"Hakuna."

Aliegemea kiti chake. Kumi na nne ikaanza kumpendeza. Aliitamka mara mbili, akaipima ulimini, kisha akainuka kwenda kumwarifu mtu, na mtu wa kwanza aliyemfikiria, kwa bahati mbaya, alikuwa mpokezi wake. Sikuweza kumzuia mara ya pili.

Alipofungua mlango wa mapokezi, mwalimu mmoja kwenye skrini alikuwa akiuliza: mwanamke amefika, uchungu umeshakolea, vitanda vyote vimejaa, utafanya nini? Dada alimwona Mudir kwa pembe ya jicho. Hakutetereka.

"Hatangoja kitanda," alisema. "Nitatandika kitenge mahali pasafi, nitanawa mikono, nitamwita mwenzangu anishikie taa. Nitamwambia mama jina langu. Mtu asizalishwe na mgeni."

Mudir alisimama pale na namba yake mdomoni, hajaisema. Baadaye, skrini ilipozimwa na dada akiyarudisha maua ya plastiki, ndipo alipouliza, "Kwani hii haikuwa mkutano ya ofisi?"

"Hapana, Mudir. Ni usaili. Wamenichukua hapo hapo."

"Wamekuchukua. Na wageni yangu nani atapokea?" Akafikiri. "Sasa itabidi tutafute mtu ya kuwa ruta hapa mlangoni."

Wiki zilizofuata ofisi ilibadilika kwa namna ambayo hakuna mtaalamu angeibuni. Mudir alitoa amri mpya: asionekane mtu anayeingia kwenye mtandao baada yake. Kila jioni jenereta ilipozimwa ruta ilisahau namba zote, na kila asubuhi ilianza upya, kwa hiyo watu wakaanza kufika mapema, wakikimbia getini na simu zimewashwa, wasije wakawa wageni rasmi kwa bahati mbaya. Mhasibu, aliyekuwa akifika saa tatu kwa miaka yote, akaanza kugombania namba mbili na mlinzi. Vitabu vikatoka kwa wakati. Wafadhili waliusifu uongozi.

Siku ya dada kusafiri, basi la Nimule, mpakani na Uganda, lilikuwa linaondoka asubuhi. Nilifika ofisini mapema sana nikidhani niko peke yangu na mlinzi, na nikasikia nyuma ya ukuta, tin-tin. Nilikwenda kuchungulia. Mudir alikuwa ameketi na suti nzima.

"Ngapi leo?" aliniuliza bila kugeuka.

Nilitazama. "Mbili, Mudir." Kwa mara ya kwanza alikuwa amemtangulia hata mlinzi.

"Sawa. Wacha ikae."

Watu wakaingia mmoja mmoja. Dada alifika wa mwisho, na begi lake la magurudumu na kitenge kile kile, na simu yake ikajiunga na mtandao yenyewe mfukoni, kwa mazoea. Mudir aliniashiria nimsomee. Nikamsomea: kumi na tano. Akainuka, akavuta koti, akatoka hadi mapokezi, na akamwambia dada mbele ya wote kwamba mgeni rasmi leo ni yeye. Kisha akatoa hotuba. Ilianzia wakati umeme haukuwepo, ikapita kwenye vita viwili na mikataba yake, na ilikuwa bado haijafika kwenye vitabu pale dereva wa kumpeleka kituoni alipopiga honi nje.

"Mudir, basi litaniacha."

"Mgeni rasmi haachwi."

"Hili litaniacha, baba," alisema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kisha wangu, akaburuta begi lake kupita meza ya mapokezi iliyokuwa tupu. Mudir alibaki amesimama, mdomo wazi, sentensi nzima bado ulimini. Upepo wa nje uliinua karatasi zetu kidogo, na mlango ukajifunga nyuma ya dada.