Mkwe Aliyepita Dirishani

Miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana wa kutafsiri katika zahanati moja ya Nakuru, nilifanya kazi na daktari asiyekuwa na sindano. Alikuwa mama wa Kizungu, na kazi yake ilikuwa kutibu mioyo ya watoto kwa mazungumzo na michezo. Wazazi walitoka mashambani kwa miguu, wakamkuta sakafuni akisukuma gari la mbao, kisha wakaniuliza daktari yuko wapi. Mimi nina hasira za karibu. Nilichoka kujibu, nikawa nawaonyesha kwa kidole tu.

Basi akaletwa msichana wa miaka kama sita kutoka shamba la pareto huko Dundori. Wazazi wake walikuwa Waluhya waliokuja huku kutafuta kazi, naye alilelewa huko kwao walikotoka na nyanya yake mzaa mama. Siku nyanya alipomleta kwa wazazi, alimfikisha mlangoni, akasikia baba ya mtoto anarudi kutoka shambani, akageuka akaondoka mbio bila hata kuaga. Tangu siku hiyo mtoto hakusema neno. Alikula, alifagia, alichota maji, lakini mdomo aliufunga. Mkubwa wa zahanati alikuwa ameamua kwamba asipozungumza kufikia mwisho wa mwezi, atapelekwa Nairobi, hospitali ya wenye wazimu. Kila akija, mama yake aliniuliza kama huko watoto hulazwa pamoja na watu wazima. Swali lile liliniuma.

Daktari wangu akataka familia nzima ikae chumba kimoja, na nyanya aletwe kwa treni.

"Haiwezekani," nikamwambia. "Baba ya mtoto na mama mkwe wake hawakai pamoja. Hata kuonana uso kwa uso ni mwiko."

"Kwani wamegombana?"

"Hapana. Wanaheshimiana sana."

"Kama wanaheshimiana, shida iko wapi?"

Kwetu heshima ina kazi kubwa kuliko ugomvi, lakini sikujua hilo linasemwaje kwa Kiingereza. Tukapatana nitundike shuka katikati ya chumba. Baba, mtu wa mwili, aliingia kwanza akaketi upande wa dirisha. Kisha nyanya akaingia amejifunika leso usoni, na kikapu cha ndizi mkononi, akaketi upande wa mlango. Mtoto na mama yake waliketi pale shuka lilipoishia, wakiona pande zote mbili.

Nyanya hakumsalimia mkwe wake. Alisalimia kabati lililokuwa ukutani.

"Wewe kabati, baba ya mtoto ako mzima?"

"Ambia kabati niko mzima," baba akaniambia, jasho likimtoka. "Na uliza, mahindi ya huko iko namna gani?"

Nikamgeuzia daktari yote kwa Kiingereza, naye akaandika kwamba bibi huyu anazungumza na samani. Halafu akasema lazima aone nyuso zao kwa pamoja. Kabla sijamshika mkono, alivuta shuka.

Nyanya alipiga yowe, akamwaga ndizi na kujifunika kikapu kichwani. Baba akaruka. Mlangoni kulikuwa na mama mkwe, kwa hiyo akachagua dirisha. Kichwa kikapita, mabega yakapita, makalio yakakataa.

"Sukuma, dada! Sukuma, tafadhali!"

Nikasukuma. Daktari naye, sijui kwa elimu gani, akaja akasukuma. Mzee mzima akaangukia kwenye maua ya zahanati.

Mtoto alikuwa ametazama yote haya, dirisha na kikapu, kikapu na dirisha. Akainuka, akamwendea nyanya, akainua kikapu kidogo na kuchungulia chini yake.

"Nyanya," akasema, kwa sauti iliyokwaruza. "Kumbe ile siku ulikuwa unakimbia baba? Haukuwa unakimbia mimi?"

Mama yake, aliyekuwa amesimama kwa fujo ile, akaketi chini palepale. Daktari alinivuta mkono, akitaka kujua mtoto amesema nini, nami ndiye niliyelipwa kumwambia. Nilikuwa nalia, nikamwonyesha kikapu kwa kidole tu. Aliyemjibu mtoto ni baba, kutoka huko nje kwenye maua, akipaza sauti ili mtoto amsikie.

"Ni mimi, mtoto wangu! Alikuwa anakimbia mimi!"