Mgomba Tuliouzika ili Laini ya Stima Ituhurumie

Mwaka wa 2006 tulizika mgomba, na tukaulilia machozi ya kweli.

Usicheke. Nilitembea nyuma ya hilo sanduku mpaka sauti ikanikauka.

Naitwa Bilha. Nimeolewa Kibomet, hapa Kitale, lakini kwetu ni Tongaren, upande wa Bungoma. Haya mambo nimeyabeba mpaka nimechoka, wacha niyatue hapa.

Ilianza na watu wa stima.

Walikuja na vigingi vyekundu, wakavichomeka katikati ya mahindi yetu kule Tongaren. Wakasema kuna laini kubwa ya umeme inatoka Kitale kushuka Bungoma. Ile ya kupita juu tu, sio ya kukuwashia balbu.

Kigingi kimoja kiliangukia mlangoni kwa mama.

Ile nyumba aliijenga mwenyewe baada ya baba kufa. Matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, mabati. Sasa ati ibomolewe.

Kanjo, yaani halmashauri yetu, ikaitisha mkutano kwenye ukumbi wa kanisa. Kama umewahi kukaa kikao cha kanjo unajua. Maombi, salamu, halafu salamu za wale ambao hawakuweza kufika. Tulikaa mpaka matako yakafa ganzi kabla mtu ataje nguzo.

Mwishowe diwani wetu, Mheshimiwa Nyongesa, akasimama.

"Kanjo imekubali laini ipite. Lakini tumewaambia hawa watu wazi, juu ya kaburi haipiti. Penye kaburi, wazunguke!"

Watu wakapiga makofi. Mama hakupiga. Baba tulimzika kule chini karibu na mto, mbele ya nyumba hakukuwa na mtu.

Tulipotoka nje diwani akatufuata.

"Mama Festus, si uko na kijana hajarudi?"

"Miaka nane sasa," mama akasema.

"Na mila inasema nini?"

Mila sote tulikuwa tunaijua. Mtu akipotea moja kwa moja, unakata mgomba, unauvisha nguo zake, unauzika, ili roho yake itulie.

Festus ni kaka yangu mkubwa. Alitoka 1998 kutafuta kazi. Tukasikia ameonekana Malaba, halafu kimya. Wazee walimsihi mama azike mgomba, akakataa katakata. "Nikimzika nitakuwa nimemuua," alikuwa anasema. Kila jioni alimwekea chakula kwenye sahani, akakifunika na sufuria.

"Mimi sikutumi, mama," diwani akasema. "Nasema tu, kaburi likikuwa hapo, kigingi kinahama."

Nyumbani nikamwambia mama tuachane na hayo maneno.

"Nyumba tutajenga ingine, mama."

"Na Festo akirudi atarudi wapi? Atakuja kurara chini ya waya?"

Yaani mama alimzika mtoto wake ili nyumba ya kumpokea isibomolewe. Ukilifikiria sana unaumwa na kichwa.

Kiplangat, jirani yetu wa ng'ambo ya ua, ndiye alitoa mgomba. Tukauvisha shati la bluu la Krismasi. Diwani akatoa hotuba, akamsifu marehemu kwa bidii yake, na hakuwa amewahi kumwona hata siku moja. Tukaweka msalaba wenye jina.

Kigingi kikahamia shamba la Kiplangat. Hivyo tu.

Mwaka uliofuata wakaja vibarua wa kuchimba mashimo ya nguzo. Mama, vile alivyokuwa, akawapelekea uji kule kwa Kiplangat.

Kibarua mmoja alikuwa ndani ya shimo, udongo unamfika kifuani, kofia ameishusha usoni. Akanyoosha mkono kupokea kikombe. Kidole chake cha mwisho kilikuwa nusu.

Mama alikijua hicho kidole. Ni yeye alikifunga kitambaa siku panga lilipokikata.

Hakupiga nduru. Akachuchumaa pale kwenye ukingo wa shimo.

"Mama," Festus akasema polepole, "nimeona msalaba. Nimeona jina langu."

Kumbe miaka yote hiyo alikuwa Uganda, akiona haya kurudi mikono mitupu. Hii kazi aliichukua alipojua inapita kwetu. Alitaka achimbe mpaka afike nyumbani, halafu aingie.

Lakini aliyezikwa kimila haingii hivi hivi. Kaburi lifunguliwe kwanza, mgomba utolewe, kondoo achinjwe. Akivuka lango kabla ya hapo, kifo kinamfuata ndani.

Na kaburi likifunguliwa, kigingi kinarudi mlangoni.

"Ngoja waya zipite," mama akamwambia. "Ni miezi tu."

Kesho yake akamleta kwangu Kibomet. Festus akapanga chumba karibu na mimi, akawa anabeba magunia ya mahindi mjini. Mama alikuja kila mwezi na kuku, akakaa akimwangalia anavyokula. Jirani yangu Fadumo akaniuliza, "Bilha, huyu mgeni wako mbona mamako anamuita mwanangu?"

"Ni mtoto wa kanisa," nikamdanganya. Nilikuwa nimechoka hata kuongea.

Nguzo zikasimama. Waya hazikuja.

Ikaja kura ya 2007 na vurugu zake. Halafu tukaambiwa mkandarasi ameenda. Halafu ati anarudi. Kila mama akishuka stendi, kabla hata ya salamu:

"Hiyo raini imepita?"

"Bado, mama."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi niliona ikimuumiza mama yangu. Alikonda. Mwaka wa 2009 akalala kwangu na hakuamka tena vizuri. Festus ndiye alimlisha uji kwa kijiko.

"Nikienda kabla waya kupita, msimtoe kaburini," akatuambia. "Nyumba ni yake. Msiiharibu."

Akaenda mwezi wa tano.

Tulimzika Tongaren, kando ya msalaba wa Festus. Watu wakarusha udongo mmoja mmoja. Mimi nikaangalia ng'ambo ya ua nikamwona kaka yangu kwa Kiplangat, amesimama chini ya nguzo isiyo na waya, ameshika udongo mkononi. Hakuwa na mahali pa kuurusha.

Nilitaka kumuita kwa sauti. Lakini mama alikuwa amesema, na neno la marehemu ni zito.

Wiki mbili baadaye kanjo ikaitisha mkutano. Maombi, salamu. Mheshimiwa akasimama.

"Ile laini imebadilishwa njia. Itapitia huko Myanga. Kanjo inawashukuru kwa uvumilivu wenu."

Makofi.

Nikamfuata mlangoni. "Mheshimiwa, hii habari mlijua lini?"

"Ah, tangu mwaka jana, dada. Tulikuwa tunangoja kikao."

Mwaka jana. Mama akiwa hai, akishuka stendi na kuku kwapani, akiuliza.

Sikumtukana. Nguvu ya kutukana ningeitoa wapi?

Tulifungua kaburi. Mgomba ulikuwa umeoza wote, limebaki shati. Kondoo akachinjwa, Festus akavuka lango akiwa mtu mzima mwenye mvi. Akafungua mlango wa mama.

Mezani palikuwa na sahani imefunikwa na sufuria. Akaifunua. Sahani ilikuwa safi, na kijiko kando.

Akaketi palepale akalia, na mimi nikalia naye.

Nyumba imesimama mpaka leo, haina hata ufa. Festus anaishi ndani peke yake.

Wewe unayesoma hii, nyumba hujengwa tena. Mtu wako akitokea langoni, mfungulie kwanza. Hao wa kanjo, waache wangoje kikao chao.