Goti la Sinan

Bi Masouda hakuwahi kumsifu mwanawe mbele za watu. Mtu akimsalimu njiani pale mtaani Ansab, Maskati, na kumuuliza Sinan hajambo, huinamisha uso kidogo, akashusha pumzi, akasema, "Yupo yupo tu. Goti linamsumbua." Akiulizwa na mwengine kesho yake, husema kifua. Kwa wa tatu huwa ni mgongo. Na Sinan mwenyewe, mwenye kuumwa kote huko, saa hizo yuko kwenye uwanja wa saruji wa Khuwair ya Kusini, amening'inia kwenye chuma cha mpira wa kikapu mpaka kinalia.

Rahila, mkewe Sinan, alipoingia nyumba ile akiwa bibi harusi, aliyaamini maneno hayo. Wiki za mwanzo alikuwa akipasha mafuta ya karafuu jikoni ampelekee mumewe ajipake. Sinan akicheka.

"Goti lipi leo?" akimuuliza. "La kulia au la kushoto? Mama hajaniambia bado."

Rahila aliona haya, akayarudisha mafuta kwenye chupa. Taratibu akaanza kumsoma mama mkwe wake. Akaona kwamba Bi Masouda hasemi maradhi ya Sinan ila pale anaposikia sifa. Mtu asipomsifu Sinan, Sinan haumwi.

Sababu aliijua alipojifungua Wijdan. Siku arubaini zile Bi Masouda alimkanda yeye kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga, akamwogesha mtoto kwa mikono yake. Kila akimaliza kumvisha, humtia wanja doa moja kubwa kwenye kipaji, tena makusudi halikai katikati, ili mtoto asipendeze sana. Siku moja Rahila akamwomba ambakishie uso safi angalau kwa ajili ya picha. Bi Masouda alimfunga mtoto vizuri, akamweka mapajani, ndipo akamhadithia habari ya Mahfoudh.

Mahfoudh alikuwa mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa Unguja kabla hawajahamia Maskati. Alikuwa kibonge, mapaja yana mikunjo mikunjo. Bi Masouda alimpeleka harusini, na mwanamke mmoja akambeba, akawaita wenziwe waje waone mtoto alivyo mzito. Bibi harusi hajatolewa ukumbini, mtoto ameshapata homa, mwili mzima moto. Hawakumaliza naye wiki.

"Mimi nilicheka, Rahila," alisema. "Alipokuwa akisifiwa nilicheka, nikamnyanyua juu wamwone vizuri. Toka hapo sijamnyanyua mtoto wangu mbele ya mtu."

Rahila alimtazama Wijdan na doa lake la upande, na habari ya picha hakuitaja tena.

Basi likaja jambo la vilabu. Mwaka ule vilabu vya mpira wa kikapu vya mjini vilikubaliana kwamba vijana wapya wasigombaniwe huku na huku kama zamani. Watakutanishwa ukumbini siku moja, na vilabu vitachagua mmoja mmoja kwa zamu, kilichoshika mkia msimu uliopita kianze. Kijana atakayechaguliwa, klabu itamtafutia na kazi hapa hapa mjini. Kwa Sinan hilo halikuwa dogo. Bandari mpya ya Suhar ilikuwa inajengwa, naye alikuwa ameshapatiwa nafasi huko, mwendo wa saa kadhaa kwa gari, arudi nyumbani mara moja kwa mwezi akijaaliwa. Akichaguliwa, anabaki na mkewe na mwanawe. Asipochaguliwa, anakwenda zake Suhar, na Wijdan ndiyo kwanza anaanza kumjua babake kwa sauti.

Kadiri siku ilivyokaribia, maneno yalizidi. Kila kinyozi alikuwa na habari, kila penye birika la kahawa palikuwa na mjuzi. Kijana mmoja wa Bawshar alivumishwa kuwa amefunzwa mpira ng'ambo na walimu wa Kizungu, kumbe alikwenda Dubai kumtazama shangazi yake mgonjwa, akarudi na viatu vipya. Mwengine alirefushwa na midomo ya watu kila wiki, mpaka alipofika ukumbini mwenyewe wakadhani kamtuma mdogo wake.

Maneno kama hayo watu huyasikia wakayapunguza nusu. La Sinan halikupunguzwa, kwa sababu asili yake ilijulikana. Lilitoka kwa mamake mzazi. Bi Sayyida, jirani wa ukuta mmoja, alilisikia kwa masikio yake. Khawla, binamu yake marehemu mumewe Bi Masouda, alilisikia pia, na mume wa Khawla ni mtu wa kamati ya klabu mojawapo. Na wanakamati wa vilabu waliuliza kama watu wetu wanavyoulizia mchumba. Kabla ya kupeleka posa, hutumwa mtu kwa majirani na jamaa: kijana yuko vipi, hana maradhi, hana ulevi? Sifa zikitoka kwa mama hazitiwi maanani, maana kila mama husifu. Lakini aibu ikitoka kwa mama, mambo yamekwisha hapo hapo. Nani atamsingizia mwanawe ugonjwa?

Siku moja Sinan akarudi kutoka mazoezini, akakaa kizingitini na viatu vyake mkononi. Rahila alimpa maji, hakuyanywa.

"Nani kasema mimi kiguru?" aliuliza, lakini sauti yake ilikuwa ya chini. "Mwalimu wa klabu moja kaniambia mbele ya wenzangu, pole na goti. Nikamwambia sina goti. Akacheka, akasema wachezaji wote husema hivyo."

Rahila alijua. Akamtazama mama mkwe wake, aliyekuwa anachambua mchele pale ukumbini na uso wake kaukazia kwenye ungo. Hakutaka Sinan amwone mamake akiulizwa hayo. Alisubiri mpaka Sinan ameingia kuoga, ndipo akasogea, akakaa chini karibu na ungo.

"Mama, maneno ya goti yamefika vilabuni."

"Nimesikia," alisema Bi Masouda. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe yasiyokuwepo. "Sasa wataka nikasimame barabarani nitangaze mwanangu mzima? Si ndiyo nitakuwa nimemnyanyua?"

Rahila alichukua upande mmoja wa ungo wakachambua pamoja. Angetaka kusema kwamba Suhar nako ni kama kumpoteza, lakini alijua neno kupoteza halifai kuwekwa mbele ya mwanamke yule.

Aliyetia shaka alikuwa Omondi. Huyu alikuwa Mkenya aliyekuja Maskati kufunza watu mazoezi ya viungo pale Khuwair, na klabu moja ya mjini, ambayo meneja wake ni Amur, ikamchukua awe mwalimu msaidizi. Omondi alisikia habari ya goti, akaiamini. Akasikia ya kifua, akaiamini nusu. Alipoletewa na ya mgongo, alimwambia Amur kwamba mtu mwenye yote hayo angekuwa kitandani analishwa kwa kijiko, na yeye kila akipita uwanjani anamwona Sinan hewani. Amur akasema habari imethibitishwa na watu watatu, kila mmoja mbalimbali. Omondi akamuuliza hao watatu wameambiwa na nani. Wakafuatilia, na nyuzi zote zikaishia mlango mmoja pale Ansab.

Wakaja baada ya sala ya alasiri. Bi Masouda aliwapokea majlisi, kajifunga buibui lake, na Rahila akaleta tende na kahawa, kisha akasimama penye pazia na Wijdan begani. Sinan hakuwepo, na wageni walikuwa wamechagua hivyo makusudi. Salamu zikaenda na kurudi, wakaulizana hali za watu waliokufa zamani na walio hai. Mwishowe Omondi akaweka kikombe chini.

"Mama, mimi sitazunguka," alisema. "Huyu kijana nimemwona akiruka na nimemwona akitua, na mwenye goti bovu hatui hivyo. Lakini kila mtu anasema mama yake amesema. Sasa nataka kusikia kwako. Ako sawa ama hako sawa?"

Bi Masouda alifungua mdomo. Rahila aliona lile neno linakuja, goti lile lile la siku zote, akaona pia jinsi mama mkwe wake anavyolishika lisitoke. Amur alisema kwa upole kwamba hawakuja kwa ubaya, ila jina haliwezi kuandikwa na shaka juu yake, na klabu yao ikimwacha, hakuna klabu nyengine inayomtaka. Wijdan akakohoa kidogo. Bi Masouda akageuka kumtazama mjukuu wake, kisha akamgeukia Omondi.

"Sema mashallah kwanza," alimwambia.

Omondi alikuwa Mkristo, lakini kwa miaka aliyokaa Maskati neno lile lilikuwa limeshazoea mdomo wake. Akalisema.

"Hukulisema kwa moyo. Sema tena."

Omondi alivua kofia yake, akaiweka gotini, akasema tena polepole. Ndipo Bi Masouda akaishika ncha ya buibui lake kwa mikono miwili.

"Mwanangu mzima," alisema, kama mtu anayejitoa mwiba. "Goti zima, kifua kizima, mgongo mzima. Nna mtoto mzima mimi."

Machozi yalimtoka, na wageni wakatazama tende. Amur, kwa kutaka kulegeza mambo, akacheka kidogo akasema basi itakuwa vizuri Bi Masouda aendelee vile vile na maneno ya goti kwa majirani, kwani zamu yao ya kuchagua iko karibu na mwisho, na wengine wakipata habari watamchukua mapema. Bi Masouda alijifuta macho. Akamwambia, bila ya kupandisha sauti, kwamba akisema kwa kumkinga mtoto wake, Mola anaijua nia yake, lakini akisema ili kuwalaghai watu, huo ni uongo, na uongo yeye hasemi. Amur akaomba radhi, akaomba na kahawa nyengine.

Walipoondoka, Bi Masouda alichoma ubani nyumba nzima, mpaka ndani ya viatu vya Sinan.

Na kweli, tangu siku ile Bi Masouda hakulitaja goti. Alipoulizwa, alisema alhamdulillahi tu, akanyamaza. Lakini waliomzoea walitazamana. Bi Sayyida alikwenda akamweleza Khawla kwamba safari hii mambo ni makubwa, mwenzao hawezi hata kuyasema. Uvumi ukanenepa kwa kukosa chakula.

Siku yenyewe ilipofika, Sinan alikwenda ukumbini na kanzu yake nyeupe. Nyumbani, Rahila alifungua begi la Suhar akatia nguo mbili, akazitoa, akazitia tena. Alichokuwa akikiogopa ni hiki: mama aliyewaambia watu wote mwanawe mgonjwa, akamwambia mtu mmoja mwanawe mzima, watu wa kamati watashika lipi? Bi Masouda alikuwa kwenye mswala, wala hakuuliza saa ngapi.

Sinan alirudi kabla ya magharibi akiwa na Omondi. Alimchukua Wijdan akambusu lile doa la wanja mpaka likamganda puani, na kwa hilo Rahila akajua. Begi akalisukuma kwa mguu chini ya kitanda.

Omondi ndiye aliyesimulia. Vilabu vyote vilimruka Sinan. Zamu ya Amur ilipofika, wazee wa kamati yao wenyewe walibisha, wakauliza hasa lile ambalo Rahila aliliogopa. Omondi akasema hajui dawa wala mifupa, anajua tu kwamba yule mama alimlazimisha kusema mashallah mara mbili kabla ya kutamka kwamba mwanawe hana kitu. Mzee mmoja akaanza kucheka, kisha wa pili, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na mama, na kila mmoja aliwahi kuugua magoti asiyokuwa nayo. Wakaandika jina.

Kesho yake Bi Sayyida alikuja na sahani ya vileja kupongeza. Akasema mwaka mzima hajaacha kumwombea Sinan goti lake, na kumbe limepona.

"Dua zako zimepokelewa, dada," alisema Bi Masouda, na akampa mkono kwa shukrani ya kweli.

Bi Sayyida akamwinua Wijdan kutoka mkekani, akampima kwa mikono, akatazama miguu yake inavyoning'inia. Akasema huyu naye ana asili ya babake, atakuja kuwa mrefu, na mzito hivi, ananyonya vizuri bila shaka na kulala vizuri.

Rahila aliinama kupanga vikombe. Wijdan alikuwa amelala tangu isha hadi alfajiri, kama alivyolala usiku wa jana yake na wa juzi.

"Wapi, Bi Sayyida," alijikuta anasema, akashusha pumzi. "Hatulali humu ndani. Tumbo linamsumbua."

Bi Masouda aliufunika mdomo wake kwa ncha ya kanga, akamsogezea jirani yake sahani ya vileja.